Njaa Inayoitwa Uzee

Kila mwezi, katika zahanati na vituo vya afya vya jiji la Arusha, mizani ya watoto hutundikwa, akina mama hukaa kwenye mabenchi na watoto wao mapajani, na kila mtoto, awe wa tajiri wa Njiro au wa mchuuzi wa Daraja Mbili, hupimwa uzito wake na kutiwa alama katika kadi yake. Na alama hiyo ikishuka chini ya ile ya mwezi uliopita, muuguzi humwita mama pembeni, humwuliza mtoto anakula nini na mara ngapi, kisha humpa nasaha. Ni utaratibu mwema, uliookoa roho nyingi, na taifa lina haki ya kujivunia. Walakini bibi wa mtoto yule yule, aliyeachwa nyumbani akilinda chumba, ambaye gauni lililomkaa sawasawa mwaka jana leo linampwaya mabegani, hana mizani inayomngoja mahali popote, hana kadi, wala hana muuguzi wa kumwita pembeni. Jirani akimwona atasema kuwa bibi amezeeka sana siku hizi, na maneno yataishia hapo.

Dai langu katika makala haya ni moja, nami nalitoa kwa taadhima kwa wakubwa wa jiji na kwa kila aliye na mzazi mzee: kwamba sehemu isiyo ndogo ya unyonge tunaouita uzee, yaani kule kukonda, kule kuanguka msalani, kidonda kisichofunga, na homa ya siku mbili inayomlaza mtu mwezi mzima, chanzo chake ni njaa, njaa ya kimya, isiyolia wala kunyoosha mkono, ambayo hutibika kwa gharama ndogo maadamu imeonekana mapema, nayo haionekani kwa sababu hatuipimi.

Nchi yetu haikosi watu wa kupima. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, na tangu hapo maarifa mengi yamekusanywa juu ya kile tunachokula na kile tunachokosa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulituambia kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na habari hiyo ikatikisa ofisi za mikoa na halmashauri kama ilivyostahili. Lakini tazama ni nani waliopandishwa mizani katika utafiti ule: watoto wadogo, na wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke aliyepimwa katika ujana wake, na akapimwa tena katika kila mimba yake, siku anapotimiza miaka 50 hutoka katika hesabu za lishe za taifa, wala harudi tena humo hata kaburini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban milioni mbili na nusu waliofikia miaka 60 na kuendelea, nao tangu wakati ule hawakupungua. Hao wote tunajua ni wangapi, na tunajua wanaishi wapi; uzito wao hatuujui.

Watu wengi huamini kuwa mzee ahitaji kula kidogo tu, na imani hii ndiyo mlango ambao njaa huingilia. Ni kweli kwamba mtu asiyelima wala kubeba mizigo hahitaji nguvu nyingi kama za kijana. Lakini protini, ile inayojenga nyama ya mwili na kuponya majeraha, mzee huihitaji kwa wingi zaidi ya kijana, kwa kuwa mwili wake huitumia kwa uzembe. Mabingwa wa tiba ya wazee wamekubaliana kuwa mzee apate walau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi wa kilo 50 basi anataka gramu 50. Sasa tufanye hesabu ya siku yake: asubuhi chai ya rangi na andazi moja, mchana hakuna kitu au ni kipande cha muhogo, jioni ugali mdogo kwa mchicha. Andazi litampa gramu nne hivi, ugali gramu nane, na mchicha gramu mbili au tatu. Hajafika hata theluthi ya haki yake, ilhali wote nyumbani wana yakini kuwa amekula, na yeye mwenyewe ana yakini kuwa ameshiba. Kikombe kimoja cha maziwa kingemwongezea gramu nane, yai gramu sita, na bakuli la maharage yaliyoiva gramu kumi na tano.

Fauka ya hayo, viungo vyenyewe vya kula vinamsaliti. Pua na ulimi hupoteza wepesi wao, chakula kikawa hakina ladha. Tumbo hujaa upesi. Kiu, ambayo kwa kijana ni mlinzi asiyelala, kwa mzee husinzia, naye akashinda kutwa nzima bila tone la maji wala asihisi. Asidi ya tumbo hupungua, na vitamini B12 iliyomo katika nyama na maziwa ikapita bila kuchukuliwa. Ngozi yake hutengeneza vitamini D kidogo kwa jua lile lile linalomtosha mjukuu, na akifungiwa ndani hata jua hilo halipati. Dawa nazo huongeza lao: metformini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huimeza kila siku, hupunguza hamu ya kula na huzuia vitamini hiyo ya B12 isiingie mwilini. Hata chai ya rangi, rafiki wa wazee wetu wote, ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Na wako wanaosahau kuwa hawajala. Katika wilaya ya Hai, jirani zetu wa upande wa mashariki, watafiti walipochunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, waliwakuta zaidi ya sita katika kila mia wana maradhi ya akili yanayokuja na uzee. Mtu wa namna hii akiwekewa sahani na kuachwa peke yake, aghalabu sahani itakutwa vilevile jioni.

Waganga wana kipimo cha hatari kilicho chepesi: mtu aliyepungua asilimia tano ya uzito wake katika mwezi mmoja, au asilimia kumi katika miezi sita, pasipo kukusudia, anahitaji kuangaliwa upesi. Kwa bibi wetu wa kilo 50, asilimia tano ni kilo mbili na nusu. Ni jicho gani litakaloona kilo mbili na nusu zikiondoka, hapa kwetu ambapo mwezi wa Juni na Julai wazee huvaa sweta juu ya sweta na kujifunika blanketi mchana kutwa kwa baridi inayoshuka kutoka Meru? Baridi ikiisha na nguo zikivuliwa, mtoto wake hushtuka, na wakati huo mara nyingi miguu imekwisha kukosa nguvu ya kumsimamisha.

Liko jambo jingine linaloificha njaa hii, nalo ni adabu. Wazee wetu walilelewa katika mila isiyomruhusu mtu mzima kudai chakula. Mzee aliyekaa kwa mwanawe aliyepanga chumba kimoja au viwili, akaona unga unavyopimwa kwa kikombe na wajukuu wanavyokodolea sufuria, atasema ameshiba kabla hajaonja tonge la tatu, kisha atausogeza mchuzi kwa mtoto aliye karibu naye. Nani amlaumu kwa hisani hiyo? Lakini mkamwana akichukua neno lake jinsi lilivyo, na kesho yake akampakulia kidogo zaidi kwa kuwa jana alibakiza, basi upole wa pande mbili unakuwa umemnyima mtu riziki yake, pasipo mmoja wao kutenda ubaya. Nimekwisha kuiona hali hii katika nyumba za watu wema kabisa, wanaowapenda wazazi wao mapenzi ya dhati.

Daraja Mbili ni kata ya watu wanaoamka mapema. Imepakana na Ngarenaro na Unga Limited, mtaa uliochukua jina lake kwa kiwanda cha kusaga unga, na wakazi wake wengi huishi kwa kazi ya siku: wako wanaopeleka ndizi na mboga soko la Kilombero, wako wa bodaboda, wako mafundi na vibarua, na akina mama wanaofulia watu nguo. Alfajiri nyumba huwa tupu. Watoto wako shule, wakubwa wako mjini, na katika uwanja wa nyumba ya wapangaji sita au saba hubaki mzee mmoja amekaa juu ya kiti cha plastiki, na chupa ya chai kando yake. Kijijini Poli au Akheri angekuwa na mgomba nyuma ya nyumba, na shangazi upande wa pili wa mfereji, na ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni. Mjini ana chupa ya chai. Hivyo wanaposema watu kuwa sisi Waafrika hatuna nyumba za wazee kama za Wazungu, mimi huwaomba waupitie mtaa wowote wa jiji hili saa nne ya asubuhi. Nyumba za wazee tunazo, tena nyingi, ila hazina mpishi wala muuguzi.

Naomba ruhusa ya kukaa kidogo juu ya meno, kwa sababu hapa ndipo mkoa wetu ulipo na dhiki yake yenyewe. Maji yanayotoka katika miamba ya Mlima Meru, ambao ni mlima wa volkeno, yana floraidi nyingi kuliko mwili unavyoweza kuistahimili. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za pande hizi, kuanzia Ngarenanyuki hadi Oldonyo Sambu, zimeupita mpaka huo kwa mbali. Serikali iliweka kituo cha kuchunguza namna ya kuiondoa floraidi huko Ngurdoto, na hivi karibuni jiji limepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao miongoni mwa makusudi yake ni kuleta maji yaliyopungua madini hayo. Ni neema kwa watoto wanaozaliwa leo. Lakini jino huharibiwa na floraidi wakati linapoumbika, katika miaka minane ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo mzee wa miaka 80 amebeba kinywani mwake maji aliyoyanywa katika miaka ya 1940 na 1950, na hakuna bomba jipya litakalomrudishia kile kilichopotea. Meno ya rangi ya kahawia, ambayo wageni huyatazama kwa mshangao, kwa wengine huwa na vishimo, hukatika vipande vipande, na mwishowe mtu hubaki na fizi. Na kwa walioyanywa maji yale maisha yao yote, mifupa nayo hukakamaa, mgongo ukawa haukunjiki, na mkono ukawa hauwezi kuinua sufuria.

Mtu asiyeweza kutafuna huanza kuacha chakula kimoja baada ya kingine, na hakuna anayetambua mpangilio wa kuacha kwake. Nyama hutangulia kuondoka, kisha makande, kisha mahindi ya kuchoma na karanga, kisha mboga ngumu; kinachobaki ni chai, mkate uliolowekwa, na uji mweupe wa sembe. Wapishi wetu wana dawa yao ya zamani kwa maharage na makande, nayo ni magadi, yanayolainisha punje upesi na kupunguza kuni. Kwa bahati mbaya magadi ya pande zetu nayo yana floraidi, tena magadi huua vitamini B1 iliyomo ndani ya maharage. Kwa hiyo tunalainisha chakula kwa ajili ya mtu ambaye floraidi imemwondolea meno, na tunakilainisha kwa floraidi. Kuloweka usiku kucha na kuchemsha taratibu ni njia bora, hata kama inadai saa moja zaidi ya mkaa, na mkaa una bei. Nalijua hilo, wala sitaki kulipita kana kwamba ni jambo dogo kwa mama mwenye shilingi elfu tano za kutwa nzima.

Furaha ni kwamba nchi hii ya Meru imejaliwa vyakula vinavyofaa kinywa kisicho na meno kuliko nchi nyingi nizijuazo. Mtori, uliopondwa ndizi na nyama hata vikawa kitu kimoja, ni chakula ambacho tabibu wa wazee angekibuni mwenyewe kama asingekikuta. Loshoro, pamoja na maziwa yake ya mgando, hulika kwa kijiko bila taabu, na mgando humfaa hata yule ambaye maziwa mabichi humsokota tumbo. Parachichi, linalooza chini ya miti huko Usa River na Tengeru wakati wa msimu, ni laini na lina mafuta mengi yanayompa nguvu mtu anayekula kidogo. Mnafu ukikatwa mwembamba sana na ukachemshwa kwa maziwa au karanga hushuka kooni vizuri. Dagaa waliokaushwa wakatwangwa unga, kijiko kimoja tu kikatiwa katika uji au mchuzi, humpa mzee protini na kalisiamu pasipo kumwuliza habari za meno. Ndipo ninapouona uchungu wa jambo hili: chakula kinachomfaa mzee wa Daraja Mbili kinapita mbele ya mlango wake kila alfajiri, kikielekea sokoni.

Tuje sasa katika makazi yenyewe ya wazee, yale ya serikali na ya mashirika ya dini. Si wengi wanaokumbuka kuwa baadhi ya makazi hayo yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, waliotengwa na jamaa zao wakazeekea humo humo. Na hata leo majina kama Nunge huko Kigamboni, Bukumbi huko Mwanza, Kolandoto, Sukamahela na Fungafunga yanajulikana zaidi kwa wale waliopeleka misaada kuliko kwa wananchi kwa jumla. Kwetu sisi wa Arusha yaliyo karibu ni Njoro, mjini Moshi, na Magugu, upande wa Babati. Visiwani wapo wazee wa Sebleni na Welezo, na Limbani kule Pemba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kuwa familia ndiyo nguzo ya matunzo na kwamba makazi ni kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu, nami naiunga mkono sera hiyo. Lakini kimbilio la mwisho ndilo linalostahili sufuria iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa aliyemo hana jirani wa kumwombea chumvi.

Jamii inayapenda makazi haya kwa vipindi. Ikifika Krismasi, au Idi, au siku ya wanawake mwezi Machi, au tarehe mosi Oktoba ambayo Umoja wa Mataifa uliifanya kuwa siku ya wazee duniani, huja magari yenye unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, hupigwa picha, huombwa dua, na wageni huondoka na macho yenye machozi ya kweli. Siwabezi hata kidogo, kwa kuwa bila wao pengo lingekuwa kubwa zaidi. Ila kwa insafu na tutazame mizigo ile: ni wanga, sukari na mafuta, vitu ambavyo ghala huwa navyo hata kabla ya wageni kufika, na ambavyo haviwezi kuijenga misuli ya mtu. Usharika mmoja, au msikiti mmoja, au chama kimoja cha wenye maduka wa jiji hili, badala ya kupeleka magunia kumi kwa siku moja, ungeweza kupatana na wafugaji kumi wa Meru wapeleke lita za maziwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, na trei za mayai kila juma, na usingetumia fedha nyingi zaidi.

Faida ya maziwa hayo si dhana yangu. Katika nchi ya Australia watafiti walichukua nyumba 60 za wazee, zenye wakazi zaidi ya 7,000, nusu ya nyumba hizo wakaziongezea maziwa, mtindi na jibini katika milo ya kila siku, na nusu wakaziacha na milo yao ya kawaida. Baada ya miaka miwili, kama walivyotangaza mwaka 2021, waliokula maziwa zaidi walipungukiwa na mivunjiko ya mifupa kwa asilimia 33, na ule mvunjiko wa nyonga, ambao kwa mzee mara nyingi ni hukumu ya kitanda, ulipungua kwa asilimia 46. Hawakutumia sindano wala dawa mpya. Walitumia kitu ambacho mama wa Kimeru hukikamua kabla jua halijachomoza.

Na Uholanzi wakafanya jambo ambalo wazee wetu wa pwani wangelicheka kwa kuona limehitaji utafiti. Katika nyumba tano za wazee, nusu ya wakazi wakaendelea kuletewa sahani iliyokwisha kupakuliwa, na nusu wakaketishwa pamoja mezani kama watu wa nyumba moja, vyakula vikawekwa katikati, kila mtu akajipakulia apendacho, na wahudumu wakaketi nao. Baada ya miezi sita wa meza ya pamoja walikuwa wamehifadhi uzito na siha yao kuliko wenzao, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 2006. Sinia moja, mikono mingi, na maongezi: hiyo ni tiba tuliyokuwa nayo, nasi tunaiacha kila tunapompelekea mzee sahani yake chumbani na kufunga pazia. Katika kazi zote ninazozipendekeza hii ndiyo isiyo na gharama, na nionavyo mimi ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, maana inamtaka mtu aliyetoka sokoni amechoka akae chini dakika thelathini.

Kuna neno la kuwaambia matabibu pia, kwa heshima inayowastahili. Mzee mwenye shinikizo la damu huambiwa aache chumvi. Mwenye kisukari huambiwa aache sukari, ndizi na wali. Mwenye gauti huambiwa aache nyama na maharage. Na mafuta hukatazwa wote. Mtu mmoja akiwa na maradhi hayo matatu, kama walivyo wengi, na akiwa mtiifu, hubaki na nini cha kula? Miongozo mipya ya lishe ya wazee huko Ulaya inaonya kuwa makatazo yanayompunguzia mzee ulaji wake yaepukwe, kwa kuwa kwa mtu wa miaka 80 hatari ya kukonda iko karibu kuliko hatari ya chumvi kidogo katika mchuzi. Katika hospitali zetu tuna dirisha la wazee, na waliotimiza miaka 60 wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo. Itakuwa ihsani kubwa kama pale dirishani, kabla ya kuandikiwa dawa, mzee angepandishwa mizani, na akaulizwa alikula nini jana.

Mji huu una sababu ya pekee ya kulitanguliza jambo hili. Hapa Arusha, katika jengo la Kaloleni ambalo leo ni makumbusho, ndipo viongozi wa TANU walipolipitisha Azimio mwezi Januari 1967, na ndani yake wakakubali kuwa katika nchi ya haki kila mtu aishi kwa jasho lake isipokuwa mtoto mdogo, mlemavu asiyejiweza, na mzee aliyekwisha nguvu, ambao riziki yao iko juu ya wengine. Kizazi kilichoushangilia uamuzi ule barabarani ndicho kilicho kwenye viti vya plastiki leo. Zanzibar imekwenda mbele yetu katika njia hii: tangu mwaka 2016 inampa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya kila mwezi, iliyoanza kwa shilingi 20,000, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Kwetu Bara pensheni ni ya aliyeajiriwa. Mkulima wa kahawa wa Meru na mama aliyeuza ndizi miaka 40 hawamo. Shilingi 20,000 si mali ya kutajwa, lakini zilinunua maziwa, na zaidi ya maziwa zilimpa mzee neno la kusema wakati sufuria inapopakuliwa.

Pensheni hiyo itadai Bunge na bajeti, nayo haitafika kesho. Kupima hakudai Bunge. Waganga wa Toulouse, Ufaransa, pamoja na wenzao wa Uswisi, walitunga katika miaka ya 1990 dodoso ambalo ufupisho wake wa maswali sita sasa hutumiwa duniani kote: je, ulaji wake umepungua miezi mitatu iliyopita, je, amepungua uzito, je, anatoka nje au amebaki kitandani, je, amepatwa na msiba au maradhi makali, je, ana usahaulifu au huzuni nyingi, na la mwisho ni uwiano wa uzito na urefu wake, au, pale pasipo na mizani, mzunguko wa shavu la mguu, ambao ukiwa chini ya sentimita 31 humkosesha mtu alama zote za swali hilo. Alama zote ni 14. Aliyepata 12 na kuendelea yu salama, wa 8 hadi 11 yu hatarini, na wa 7 kushuka chini tayari ana utapiamlo. Kazi nzima huchukua dakika tano, na chombo chake ni tepu ya fundi cherehani.

Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafundisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, waingie nyumba kwa nyumba. Wanafundishwa kumwangalia mama mjamzito na mtoto, kufuatilia wenye kifua kikuu, na kushauri juu ya usafi. Katika mikoba yao naomba itiwe tepu hiyo, na katika mafunzo yao maswali hayo sita. Mwenyekiti wa mtaa naye anawajua wazee wake, kwa kuwa majina yao yaliandikishwa kwa ajili ya vitambulisho vya matibabu, na mabaraza ya wazee yapo. Orodha hiyo ya majina iongezwe safu moja ya uzito na safu moja ya alama, ijazwe kila mwezi kwa kila mzee wa Daraja Mbili, na aliyeshuka apelekewe maziwa na mayai kwa fedha za halmashauri au za jumuiya na misikiti ya mtaa wake, wiki hiyo hiyo, kabla hajaanguka. Njoro na Magugu zifanye vivyo hivyo, na hesabu zao zibandikwe ukutani mahali ambapo mgeni aletaye msaada atazisoma kabla ya kushusha mizigo yake.